Nilivyohamisha Mpaka wa Kihamba kwa Sababu ya Shimo la Choo

Jamani, leo nimeaibika. Siyo aibu ndogo ya kutoka na gauni limegeuzwa, hapana. Nimeaibika mbele ya mama mkwe, mbele ya jirani, na mbele ya mawifi waliotoka Dar na simu zao kubwa kubwa. Naandika haya nimekaa kwenye kochi, mguu wa kulia umevimba kama muhogo wa mvua, na hasira niliyo nayo inanifanya nibonyeze herufi mbili mbili. Vumilieni.

Kwa wasionijua vizuri: mimi ni mtoto wa Kiboriloni, Moshi mjini. Baba Mrangi, mama Mzigua, Kichagga changu kinaishia kwenye majina ya vyakula. Nimeolewa Kibosho, kwa Wachagga. Na Desemba ikifika mnajua ukoo unavyopanda mlimani kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, habaki mtu mjini. Na sisi tukapanda: mimi, mume wangu, na mwanangu Brayani wa miaka mitatu, mtoto asiyejua kutembea. Anajua kukimbia tu.

Sasa sikukuu za huku ni za hatari, watu hawasemi. Panga la kuchinjia limelazwa kwenye majani. Sufuria la mtori, supu ya ndizi na nyama, linatokota chini kabisa, kimo cha pua ya mtoto. Watu wazima wamepakizana watatu kwenye bodaboda, wa nne mbuzi. Mwaka jana wifi yangu mmoja alimwagikiwa mafuta ya maandazi, mwingine akajikata kidole akikata nyama, Krismasi tukaila kwenye benchi la zahanati. Nikaapa. Mwaka huu haumii mtu.

Nimefika tu nikaanza. Panga nikaliweka juu ya kabati. Sufuria nikalizungushia matofali. Mtu akiwasha fataki karibu na watoto, namfokea.

"Shem," akaniambia Deo, "umekuja kula sikukuu au umekuja kukagua?"

Wakacheka wote. Deo ni mdogo wake mume wangu. Huyo mshikeni hapo hapo, tutamhitaji.

Kwa sababu ni Deo aliyechimba shimo. Nyuma ya nyumba, migomba inapoishia, alianza shimo la choo kipya. Lilipofika kimo cha kifua cha mtu mzima mvua ikanyesha, udongo ukawa tope, akaacha mpaka sikukuu iishe. Chini yametuama maji. Amelifunika? Ndiyo, amelifunika. Kwa majani ya mgomba! Mawili! Jamani, huo siyo mfuniko, huo ni mtego.

Jana namtafuta Brayani, namkuta huko. Amechuchumaa ukingoni, majani ameyasukuma pembeni, anatupa kokoto.

"Mama, sikiliza. Chubwi!"

Sikumbuki nilifikaje. Nilimdaka kwa kola, nikamkumbatia mpaka akalia kwamba namuumiza. Nikaenda naye hivyo hivyo kwa Deo.

"Deo, funika lile shimo."

"Baadaye, shem."

"Baadaye lini?"

"Si sikukuu iishe kwanza?"

"Na mtoto akitumbukia?"

"Si umwangalie mtoto wako?"

(Niliyomjibu siyaandiki, humu kuna watu wa kwaya.)

Nikampigia mume wangu, aliyekuwa ameenda kununua mbuzi tangu asubuhi. Hapatikani. (Mbuzi hanunuliwi siku nzima, jamani. Tunajua anachonunua. Kinaitwa mbege, pombe ya ndizi.) Nikaenda kwa mama mkwe. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mimi nimelea watoto tisa kwenye kihamba hiki, hakuna hata mmoja aliyetumbukia shimoni."

Mama! Shimo lina wiki mbili!

Basi leo asubuhi, mume bado hajarudi, nikasema, sisubiri mwanaume. Nikachukua panga juu ya kabati, nikaenda kulizungushia lile shimo uzio mwenyewe. Nimevaa gauni jipya la kitenge na wigi la sikukuu, kwa sababu wageni walikuwa njiani na sikutaka wanikute kama kibarua. (Ndiyo, najua. Endeleeni kusoma.)

Tatizo ni nguzo. Nikaangaza huku na huku, nikaona pale kando ya shimo, mwanzo wa mibuni ya jirani, mstari wa yale majani marefu ya kijani. Masale. Mjini tunayaona kwenye bustani za hoteli, yamepandwa kama pambo. Mimi kuhusu isale, moja la hayo masale, nilijua jambo moja tu, ambalo kila aliyekulia Moshi analijua: ukimkosea Mchagga, mpelekee isale, hawezi kukunyima msamaha. Elimu yangu ikaishia hapo. Nikayatazama yale mashina: membamba, magumu, yamesimama kwenye mstari kama askari. Nikasema, Mungu ni mwema, kanioteshea nguzo. (Kidato cha nne nimemaliza! Naona mimea imepangwa kwa mstari ulionyooka, wala sijiulizi nani kaipanga!)

Nikafyeka. Shina moja moja, mpaka mstari ukaisha. Nikayachomeka kulizunguka shimo, nikayaunganisha kwa kamba za mgomba, nikafunga kitambaa chekundu juu. Upande mmoja udongo ulikuwa na mizizi, nguzo haziingii, nikasogea kidogo kwenye mibuni ambako ni laini. Kidogo tu. Hatua chache.

Nikasimama, mikono kiunoni. Kazi safi. Hata picha nilipiga niwatumie nyie.

"NANI KAHAMISHA MPAKA?"

Nageuka, Mzee Gaspari huyo. Ndiye jirani mwenye ile mibuni. Sweta, kofia, fimbo, na macho yaliyotoka nje.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Sitaki shikamoo. Nataka mpaka wangu."

Jamani, mmewahi kukataliwa shikamoo? Mwili unakosa pa kukaa.

Watu wakajaa. Mama mkwe akaja mbio na mwiko wa mtori mkononi, akaona ule mstari uliofyekwa, akaona masale yangu yamechomekwa katikati ya mibuni ya watu. Akakaa chini. Chini kabisa, kwenye udongo.

"Maee! Mwanangu, umefanya nini?"

Ndipo nikaelezwa. Masale yale ndiyo mpaka. Baba mkwe na Mzee Gaspari waliishi miaka bila kusalimiana kwa sababu ya kile kipande, mpaka wazee wa ukoo wakakaa, wakapima, wakapanda masale, wakala mbuzi, wakapatana. Na baba mkwe tumemzika mwaka huu huu.

"Mwenzangu hata kaburi lake halijakauka," mzee akasema, "mmeshaanza kunisogelea kwenye kahawa? Na mimi nilimlilia!"

Mama mkwe akafunika uso kwa kanga. Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza, nipige magoti, yaishe. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini mimi nilikuwa na hasira za tangu jana, na mzee akaanza kuzing'oa nguzo zangu moja baada ya nyingine, na Brayani alikuwa amesimama pale pale anatafuta kokoto.

"Babu, acha! Ni uzio wa mtoto!"

Kang'oa.

"Kuna shimo hapa! Nyie wote mnaona mpaka, shimo hamlioni?"

Kang'oa nyingine. Ya mwisho nikaishika. Yeye kashika huku, mimi kule. Navutana na mzee wa watu, tena kwa nguvu, mkwe mzima, na gauni la kitenge!

"Vuta, shem!" Hiyo sauti ya Deo.

Nikavuta. Mzee akaachia.

Chubwi.

Nataka niwaambie, maji ya shimo la Kibosho mwezi huu ni ya baridi. Nilisimama humo tope limenifika mapajani, kifua sawa na ukingo, kifundo cha mguu kimejipinda, wigi linaelea pembeni yangu kama panya aliyekufa. Kisha Deo akaanguka kwenye mgomba kwa kicheko. Wifi mmoja akasema, "Wifi, tazama huku kidogo," ananirekodi. Na mwanangu wa kumzaa, niliyeteseka hivi kwa ajili yake, akapiga makofi:

"Mama, rudia!"

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alisogea ukingoni, akainama.

"Mwanangu, umeshika nini mkononi?"

Nikatazama. Lile shina nililogombania. "Isale, mama."

"Basi mpe mzee."

Yaani hapo hapo. Wengine wanapeleka isale wameoga, wamevaa vizuri, wamesindikizwa. Mimi niliinua mkono kutoka shimoni, jani linatiririka tope mpaka kwapani.

"Babu, naomba unisamehe. Sikujua. Niliogopa mtoto."

Mzee Gaspari akalitazama lile jani. Isale halikataliwi, hilo hata mimi nilijua. Akashika fimbo yake, akapiga goti moja polepole huku anaguna, akalipokea.

"Marahaba," akasema. Ile shikamoo yangu! "Tangu nizaliwe sijaombwa msamaha na mtu aliye shimoni."

Kisha akachungulia vizuri. Akatazama maji. Akamtazama Brayani, ambaye ukimsimamisha humo nywele zake zisingefika ukingoni.

"Deo," akaita. "Na angekuwa huyu?"

Deo akaacha kucheka.

Mzee hakusema "baadaye". Alipaza sauti kwao, ukaletwa mlango wa zamani wa banda la ng'ombe, mbao nene. Mimi nikavutwa juu na wanaume wanne (walihitajika wawili, wawili walikuja kuona). Mlango ukalazwa juu ya shimo, mawe makubwa kila kona. Nimeomba tangu jana kwa mdomo safi, hakuna. Nimetumbukia mwenyewe, hata sijaoga, limefunikwa.

Masale wameyarudisha mchana, mama mkwe na Mzee Gaspari wenyewe, shina kwa shina. Wanasema yatachipua. Nimewasikia kupitia dirishani wakibishana moja liende kulia au kushoto, halafu wakacheka, halafu wakamtaja marehemu, wakaendelea.

Mume wangu karudi. Na mbuzi mmoja, na harufu ya mbege. Kaniuliza, "Mguu umefanyaje?" Simjibu mpaka kesho baada ya misa.

Wageni wanapelekwa nyuma ya nyumba kundi kwa kundi kuonyeshwa nilipotumbukia. Brayani amekimbia juu ya ule mlango huku nikimwona kwa macho yangu, mara nyingi, na haukutikisika hata kidogo. Na anayewatembeza wageni, ananyoosha mkono kama mhandisi na kusema "hili shimo nimelifunika mimi mwenyewe, usalama kwanza", mnamjua.

Chekeni basi, lakini mkimaliza tokeni nje mkatazame shimo la kwenu limefunikwa na nini. Sikukuu njema kwenu wote, isipokuwa Deo.