Mzee wa Chumba cha Nne na Cheo Changu

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi ya naibu mkuu wa masjala iko wazi! Miaka kumi na moja nazungusha mafaili humu, hatimaye. Bosi kaongeza kwamba atampa kipaumbele mtu anayejitolea kwa jamii. Nikanyoosha mkono papo hapo. Nikasema mimi hujitolea kila Jumamosi. Uongo, lakini nina siku tano za kuufanya uwe kweli. Jirani yangu wa meza, Kalamu Tatu (hubeba tatu mfukoni, hakuna hata moja inayoandika), naye akanyoosha. Eti yeye hupanda miti. Huyo! Mtu aliyemwagilia maua ya plastiki pale mapokezi mwaka mzima!

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba ya wazee, nyuma ya kituo cha zimamoto. Mpango: saa moja, barua ya sifa mkononi, kwaheri. Matroni, mama mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, akasema barua hutolewa baada ya Jumamosi nne. Nne! Akanikabidhi mzee wa chumba cha nne, zamani fundi saa. Kazi yangu kumlisha supu na kumkata kucha. Tangu afiwe na mkewe, miezi saba sasa, hajatamka neno. Nimefarijika. Mtu asiyesema hawezi kunisema.

Jumamosi, 15 Machi

Kimya cha yule mzee kinatisha. Ananitazama tu. Nikaanza kuongea mwenyewe, ilimradi pawe na sauti. Nikamweleza jinsi bosi anavyosinzia mkutanoni na kujifanya anatafakari. Nikamweleza habari za Kalamu Tatu, zote. Supu ikaisha bila tone kumwagika. Kuja kutazama saa, nimekaa saa tatu nzima! Nimeudhika. Mpango ulisema moja.

Jumatano, 19 Machi

Mke wangu kaniuliza kama nimeanza dawa mpya. Anasema siku hizi nikitoka kazini sigombani na mlango wala redio, na jana nilicheka wakati wa kula. Nimemwambia nalala vizuri kwa sababu ya ule mto mpya. Akanikumbusha kwamba mto ule una mwaka wa tatu. Mto mzuri sana.

Jumamosi, 22 Machi

Makubwa leo! Nilikuwa kwenye kucha za mguu wa kushoto, namweleza mzee jinsi Kalamu Tatu alivyolikalia tangazo la semina siku nzima ili aende peke yake. Ghafla nikasikia sauti, imekauka kama bawaba ya mlango usiofunguliwa.

"Huyo hafai hata bure."

Mkasi ukanidondoka. Nikamuuliza amesema nini.

"Nimesema hafai. Haya, endelea."

Nikaendelea! Mpishi aliyekuwa akipita na sinia akapiga ukelele. Matroni akaja mbio, akalia, akampigia simu binti wa mzee. Mzee akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ni mimi. Ni baba."

 Kilio cha binti kikasikika mpaka nilipokuwa nimesimama. Nikatoka nje, vumbi lilikuwa limeniingia machoni. Wafagie vizuri zaidi pale. Na katika vurugu zote zile, hakuna hata mmoja aliyeitaja barua yangu.

Jumamosi, 29 Machi

Nne zimetimia. Nimekuta chumba hakina pa kukanyaga. Mzee amewasimulia wenzake, na sasa wote wanataka kujua kilichojiri ofisini wiki hii. Bibi wa chumba cha pili, ambaye hutoka kitandani kwa kubembelezwa, kaja na kiti chake mwenyewe. Ikabidi tuhamie ukumbini. Wazee wawili walionuniana tangu mwaka jana kwa sababu ya blanketi walikaa bega kwa bega, mmoja akimrudilia mwenzake yale asiyoyasikia vizuri. Matroni anasema ukumbi ule ulikuwa wa kuanikia nguo tu.

Barua nimepewa, ndani ya bahasha iliyofungwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyemtajia matroni maneno ya kuandika. Sikuifungua. Bosi akiifungua mwenyewe itakuwa na uzito zaidi.

Jumatatu, 31 Machi

Bosi kaisoma kwa sauti mbele ya masjala nzima. Ukurasa wa kwanza: nimemrudishia mzee sauti yake, nyumba imechangamka, mtu wa moyo kama mimi haonekani kila siku. Nikainua kidevu. Ukurasa wa pili: mzee anashukuru hasa kwa kisa cha bosi anayesinzia akijifanya anatafakari, na jinsi anavyoamka akisema "naunga mkono" kabla hajajua jambo gani. Bosi akaacha kusoma. Masjala nzima ikashikwa na kikohozi.

Naibu mkuu ni Kalamu Tatu. Miti yake nasikia ni mmoja, na umekauka.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilikusudia kulala mpaka mchana. Saa mbili asubuhi nikajikuta nimeshavaa viatu. Mke wangu akauliza naenda wapi na barua nimeshaipata. Nikamwambia kunyoosha miguu. Akacheka peke yake, sijui kwa nini.

Ukumbini wazee kumi na saba, na binti wa mzee, aliyesafiri kwa basi siku nzima. Alinishika mkono, akanivutia kiti. Nikawasimulia bosi alivyoisoma barua; nilipofika kwenye ukurasa wa pili, walicheka mpaka bibi wa chumba cha pili akatoa meno yake ya bandia ili acheke kwa nafasi. Mzee akanipigapiga begani.

"Pole, mwanangu. Jumamosi ijayo uwahi."

Nimelitafakari jambo hili kwa makini na kosa nimeliona: barua ilikwenda kwa mtu asiyefaa. Nimemwomba matroni aandike nyingine, moja kwa moja kwa mkurugenzi. Amekubali kwa furaha. Amesema safari hii wazee wote kumi na saba watataja waliyoyasikia.