Kiti cha Kando ya Ulingo

Jumatatu, 4 Machi

Mtangazaji wa ngumi wa redio ya mtaa anastaafu. Meno! Amewekewa ya bandia, na kila akitaja sumbwi kipaza sauti kinapiga mluzi. Msikilizaji mmoja amepiga simu kuuliza tangu lini ngumi zikachezeshwa kwa filimbi.

Meneja wa redio ametangaza kwamba kiti kiko wazi. Majaribio ni keshokutwa.

Ninakitaka. Naandika hivyo bila aibu, maana hapa hakuna anayesoma. Tangu nimalize sekondari nauza rangi za nyumba, na kwa muda wote huo sijawahi kuachwa nimalize sentensi. Mteja anauliza rangi ipi inafaa jikoni. Naanza kumweleza. Anaonyesha kopo kwa kidole, analipa, anaondoka. Bosi anapokea simu katikati ya maelezo yangu, na wakati mwingine simu yenyewe haijaita. Nyumbani nikianza kusimulia siku yangu, watoto wanaongeza sauti ya televisheni. Mke wangu ananiambia endelea tu, nakusikia, huku anaingia bafuni na kufunga mlango.

Mtangazaji hakatizwi. Hilo tu ndilo ninaloomba katika maisha haya.

Nimemwambia mke wangu. Amesema haya, jaribu, mradi mdogo wake usimguse. Mdogo wake ni bondia, anapigana Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa. Nimemwuliza kwa nini ananishuku kabla sijafanya lolote. Amesema amenizoea.

Mpinzani wangu ni mmoja: kinyozi wa kona. Kinyozi! Mtu ambaye ukikaa kwenye kiti chake unasikia "inama", na baadaye "tayari". Nimelala nikicheka.

Jumanne, 5 Machi

Baada ya kazi nimekwenda kumwona mstaafu nyumbani kwake. Nilibeba mkate, kwa kuyaheshimu meno. Nikamwomba siri ya kazi.

Akasema: taja aliyepiga. Taja alipompiga. Taja aliyepigwa kafanya nini. Kisha funga mdomo, watu wasikie ngumi.

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nikamwuliza siri nyingine. Akasema ndiyo hiyo hiyo, mwanangu, na huu mkate una ganda gumu.

Anaficha, ni wazi. Mtu hawezi kukalia kiti miaka yote ile kwa kufunga mdomo. Nadhani kinyozi amenitangulia na kumnyoa bure.

Basi nimebuni njia yangu. Mtangazaji mbovu hungoja tukio ndipo atafute maneno. Mimi nitayaandaa mapema. Mpaka sasa nina konde la radi, konde la tetemeko, konde la bomba lililopasuka na konde la mkwe aliyenyimwa kiti. Nimefanya mazoezi jikoni, mke wangu akiwa anakata vitunguu. Nimemtangaza vizuri tu mpaka aliposema nikisema tena kwamba "anazunguka upande wa sufuria," nitalijua konde linatokea mkono gani.

Jumatano, 6 Machi

Majaribio. Studio ni chumba kidogo chenye magodoro ukutani na harufu ya chai iliyomwagika zamani. Wametuwekea televisheni bila sauti, pambano la miaka iliyopita.

Kinyozi alianza. Nyekundu kapiga tumbo. Bluu kainama. Nyekundu kaongeza, sikio la kushoto. Kisha kimya. Mtu mzima, mbele ya kipaza sauti, kimya! Nilimwonea huruma. Cha ajabu ni kwamba fundi mitambo aliacha kutafuna mkate wake na kusogea mbele.

Ikaja zamu yangu. Nilianza na kaptula, kama inavyostahili. Sasa mimi nimekaa na rangi nusu ya umri wangu. Siwezi kusema "bluu" nikaishia hapo. Bluu ipi? Ile ilikuwa bluu ya kuta za zahanati, yenye kijivu kidogo ndani yake, na mshono wake ulikuwa krimu, si mweupe. Niliwaeleza wasikilizaji kwamba bluu hiyo haifai chumba kisicho na dirisha. Nilipofika kwenye glovu, mwenye kaptula alikuwa amelala chali na mwamuzi anahesabu.

Meneja akauliza kaangushwa na konde gani. Nikasema la radi. Akauliza la mkono upi. Nikasema radi haina mkono.

Akavua miwani, akasugua macho kwa muda mrefu. Mwisho akasema Jumamosi tutatangaza wote wawili ukumbini, mimi pambano la utangulizi, kinyozi lile kubwa, ndipo ataamua. Bado nimo!

Pambano la utangulizi ni la shemeji. Nilipomweleza mke wangu, alikuwa amesimama. Akakaa. Angesema ingekuwa nafuu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Bosi amenikatiza akinipa, lakini amenipa.

Nimekwenda kumwona shemeji anakofanyia mazoezi, nyuma ya gereji, kwenye banda lenye mfuko mmoja wa kupiga, na huo umeshonwa kwa waya. Alikuwa anaruka kamba. Nimemweleza kwamba mtangazaji bila habari za ndani ni kama msomaji wa bei za sokoni. Akacheka, akasema shemeji, wewe unachosha lakini mwenyewe huchoki. Nimelichukua kama sifa.

Tumekaa juu ya tairi. Kijana ana moyo mzuri. Ameniambia alilomficha hata kocha: bega la kulia limeteguka. Atalibana, atapiga kwa kushoto mpaka raundi ya tatu, mwenzake akidhani huo ndio mtindo wake. Akishamzoesha hivyo, atalitoa la kulia mara moja tu, liume lisiume, amalize kazi. Akishinda, anaingia kwenye timu ya mkoa. Akasema, shemeji, hili libaki hapa hapa kwenye tairi.

Nimemwapia. Nilimaanisha. Niandike hivyo, maana baadaye watu husahau kwamba mtu alimaanisha.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimeona kasoro moja. Wasikilizaji wa redio watanisikia. Na walio ukumbini? Watatazama tu, kama bata. Bosi atakuwepo, wateja watakuwepo, mama mkwe atakuwepo, na hakuna atakayesikia hata neno langu moja!

Nimekwenda kwa fundi mitambo na kumshauri aunganishe kipaza sauti changu na spika za ukumbi. Akasema haijawahi kufanyika. Nikamwambia hata redio haikuwahi kufanyika kabla ya aliyeifanya. Akasema meneja atamkata kichwa. Nikamwuliza dari la nyumba yake linaendeleaje. Lina madoa ya mvua mabaya sana, nimeyaona. Nikamwahidi kopo la nyeupe, lililorudishwa na mteja aliyetaka nyeupe zaidi.

Amekubali. Hakuna mwingine anayejua. Nimechoka, lakini ni uchovu wa mtu aliyepanga vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwenye ngazi za nje. Ndani sitakiwi.

Nianze na mazuri. Raundi ya kwanza sauti yangu ilishuka kutoka darini kama ya mtu mkubwa. Ukumbi mzima uligeuza vichwa kunitafuta. Bosi aliweka simu mfukoni. Mama mkwe, kiti cha mbele, alimgusa mke wangu kuuliza kama ni mimi kweli. Nilitoa radi, tetemeko, bomba na mkwe, yote kwa mpangilio. Hakuna aliyenikatiza. Sijawahi kuwa na dakika kama zile.

Tatizo ni kwamba yaliisha. Raundi ya pili ilipoanza, nilifungua mdomo nikakuta hamna kitu. Ulingoni walikuwa wanazungukana tu. Nikasikia viatu vyao kwenye turubai. Nikasikia mtu anakohoa. Nyuma mwanamume mmoja akaanza kumweleza jirani yake habari za paa la nyumba yake. Mwingine akajibu. Bosi akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu.

Ninaijua sauti hiyo. Ni sauti ya watu wanaoniacha.

Nikasema: na sasa, wasikilizaji, siri ambayo hata kocha wake haijui! Bega la kulia la kijana huyu limeteguka, analibana, anangoja raundi ya tatu!

Kimya kilichofuata kilikuwa kizuri ajabu. Hata mwenye paa alinyamaza. Halafu nikaona kwamba na mpinzani wa shemeji amenyamaza pia. Aliinua macho akatazama spika. Akayashusha akatazama bega.

Akaanza kulipiga bega hilo na kulirudia, bila haraka, kama mtu anayegonga mlango akijua wenyewe wamo ndani.

Shemeji akageuka upande wangu. Kamba ziko karibu na meza yangu, niliuona uso wake wote. Akasema neno moja: shemeji. Kipaza sauti kikalichukua, kikalipeleka darini na redioni. Alipokuwa bado ananitazama, akapigwa.

Kaanguka, nikasema. Kapigwa shavu la kushoto, kaangukia bega. Hasimami.

Ndivyo nilivyosema, na nikaishiwa. Sikuwa na konde la chochote.

Kisha mama mkwe akasimama. Ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, lakini alifika mezani kabla mwamuzi hajamaliza kuhesabu. Akaninyang'anya kipaza sauti na kuwaeleza wasikilizaji binti yake ameolewa na mtu wa namna gani, amefanya nini, amemfanyia nani, na yeye angependa kumpiga wapi. Baadaye meneja alisema kwamba kwa jioni nzima huyo ndiye aliyeeleweka vizuri kuliko wote. Alisema hivyo mbele yangu, akiwa hacheki.

Kinyozi akatangaza pambano kubwa. Kushoto, mbavu. Kulia, kidevu. Kadondoka. Watu wakapiga makofi, na sikuelewa kama wanampigia bondia au yeye.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji amelazwa kwenye kochi letu. Ni amri ya mama mkwe: auguzwe hapa, nimwone kila nikipita. Naye amehamia kumwangalia. Nyumba ni ndogo. Napita mara nyingi.

Mke wangu anasema nami kupitia watoto. Mwambieni baba yenu maji ya moto yapo. Mwambieni baba yenu ni ya mjomba, si yake.

Kiti amepewa kinyozi. Fundi mitambo ameonywa, na amerudisha lile kopo bila kulifungua. Limekaa mlangoni. Kila anayeingia anauliza tunapaka nini.

Adhuhuri, mama mkwe aliposinzia, nilijikaza nikakaa karibu na kochi. Nikamwomba shemeji msamaha. Akasema hana nguvu za kukasirika, angependa tu kujua kwa nini. Nilikuwa na maelezo marefu kuhusu habari za ndani na haki ya msikilizaji. Nikayaanza, nikayaona hayafai. Nikamwambia ukweli: palikuwa na kimya, nikaogopa.

Akanitazama kwa lile jicho lililokuwa linafunguka. Akasema, shemeji, kimya hakikupigi. Angalia mimi nilivyo, halafu useme kipi kinauma.

Nimekaa pale muda mrefu bila kusema kitu, na hakuna aliyeondoka. Ila yeye hawezi kutembea, na mama mkwe amelala, kwa hiyo sijui kama hilo linahesabika.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimekwenda kunyolewa. Sikuwa na nywele za kutosha, nilitaka tu kumpongeza kinyozi kiungwana. Akasema inama. Nikainama. Nikamwambia hongera. Akanyoa. Halafu akazima mashine na kusema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake.

Alisema ngumi anazijua, lakini habari za mabondia hazijui: nani katokea wapi, nani alimshinda nani. Mimi muda wa kuzunguka mabandani kuuliza ninao. Alisema pia kwamba Jumamosi, kijana alipoanguka, nilisema vizuri. Kwa kitambo kifupi, alisema, nilikuwa mtangazaji. Angependa nikae pembeni yake pale mezani. Akinigusa goti, niseme sentensi moja kuhusu bondia, kisha ninyamaze mpaka aniguse tena.

Nikakubali.

Nyumbani nimeeleza mbele ya wote. Shemeji, ambaye sasa anakaa, amesema sawa, mradi siku yake nisiwepo. Mama mkwe amesema atakuja kuketi nyuma yangu. Mke wangu ameniuliza, yeye mwenyewe, bila mtoto kati yetu, kama safari hii nimeelewa. Nimemwambia nimeelewa kabisa. Sentensi moja, kisha kimya.

Nimeketi sasa naiandaa. Kinyozi hakusema iwe na urefu gani. Ya bondia wa Jumamosi ijayo imeanzia alikozaliwa, imepitia shule, ndoa na jeraha la goti, na bado sijafika kwenye kaptula yake. Nikivuta pumzi vizuri inajaza raundi.

Kuhusu kungoja kuguswa goti, sina wasiwasi. Nimemsikiliza kinyozi kwa makini. Kila akishamtaja aliyepigwa, anameza mate. Hapo pana nafasi kubwa tu, na imekaa bure.