Mshelisheli Ulioenda kwa Kinyozi

Jumapili, 2 Februari

Ibada ndefu. Nimeamshwa na tangazo. Mchungaji kasema Ijumaa anakuja Mama Tulima, bibi shamba kutoka Apia, mji mkuu wetu, kutafuta mashelisheli ya kale. Aina nyingi zinapotea, kila mtu anapanda shelisheli la aina ya Puou tu kwa kuwa linawahi kuzaa. Atakayekutwa na aina iliyopotea, ukoo wake utaupa mti jina. Milele! Nikaitikia Amina kwa sauti.

Shida: nina miti miwili. Mmoja Puou, kama wa kila mtu. Wa pili ule mkongwe nyuma ya jiko, alioupanda marehemu Bibi Losa, nyanya wa mke wangu Sieni. Matunda kama ngumi ya mtoto, mbegu tupu. Aibu.

Falaniko, jirani yangu, kiongozi wa kwaya, alinitazama akitabasamu. Meno yote nje. Huyu hashindi!

Jumatatu, 3 Februari

Wazo limenijia nikioga. Aina hutambuliwa kwa jani. Jani la Puou lina vidole kama kiganja. Nikivikata vidole, si aina mpya hiyo? Nikachukua mkasi wa cherehani wa Sieni, nikaupanda mti.

Utomvu! Ulimbo mtupu. Babu zetu walinasia njiwa kwa huo. Mimi nimenasa mkasi kidoleni, kisha kidole kichwani. Sieni kaninyoa upande wa kulia ili kuninasua. Akauliza nilikuwa nafanya nini juu ya mti. Nikasema uhifadhi.

Jumatano, 5 Februari

Matawi yote ya chini tayari. Majani yamekuwa kama makasia. Nimeupa mti jina: Lafaele Mkuu. Lafaele ni mimi.

Lakini ule mkongwe unaniharibia. Mgeni akiuona, atasema huyu ni mtu wa mashelisheli ya mbegu. Sieni yuko kwa dada yake hadi kesho. Shoka!

Falaniko akasikia kishindo, akaja mbio. Akasikitika sana, mnafiki. Akaomba walau machipukizi ya mizizini. Nikacheka moyoni. Nikamwambia, "Chukua yote, ndugu yangu, Mungu akuzidishie." Ajaze takataka shambani kwake!

Alhamisi, 6 Februari

Sieni amerudi. Amekiona kisiki. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa chini, akaweka kiganja juu yake. Akasema mwaka wa kimbunga hawakuwa na kingine, Bibi Losa aliwachemshia mbegu za mti huo wakashiba. Nikamwambia avumilie, kesho jina letu litang'aa.

"Letu na nani?" akauliza.

Nimekula magimbi ya jana, baridi, peke yangu.

Ijumaa, 7 Februari

Mama Tulima kafika, kijiji kizima nyuma yake. Nikampeleka moja kwa moja kwa Lafaele Mkuu. Akashika jani. Kingo zilikuwa zimeshakauka, kahawia.

"Mzee wangu, mti huu umeenda kwa kinyozi?" Kisha akakitazama kichwa changu. "Kumbe mlienda pamoja!"

Watu walicheka mpaka Mchungaji akashikilia nguzo.

Nikaomba tukanywe maji ya dafu, yaishe. Nyuma ya jiko Mama Tulima akakanyaga tunda. Likapasuka. Akainama, akazitazama mbegu. Akauliza mti uko wapi. Nikaonyesha kisiki.

Alipiga magoti. Alisema aina hiyo ameitafuta kisiwa hadi kisiwa, akaambiwa imekwisha. Kicheko kikakoma. Hapo ndipo nilipotamani wanicheke tena.

Falaniko akakohoa. "Machipukizi yapo kwangu. Nimeyapanda kivulini, nayamwagilia."

Sieni alitimua mbio bila viatu, sote tukafuata. Yapo! Mabichi! Mama Tulima akamwambia Falaniko aupe mti jina. Akasema mti si wake, mwenyewe alishalala kaburini: uitwe Losa. Kwaya ikaanza kuimba. Sieni akalia, akamkumbatia Falaniko mbele yangu. Kujipendekeza huko! Sijapata kuona.

Jumapili, 9 Februari

Mchungaji kahubiri juu ya kiburi, akinitazama muda wote. Nadhani alimkusudia Falaniko, aliyekaa upande mwingine kabisa.

Nimejichunguza kwa unyoofu. Kosa langu nimeliona: nilichagua mmea usio wangu. Mama Tulima wakati wa kuaga alisema safari ijayo anatafuta mforosadi wa magome, ule tunaoponda kupata siapo, kitambaa chetu cha magome. Na kama kuna mwenye siapo ya mababu, ailete, itawekwa makumbusho na jina la mwenyewe chini yake.

Jina chini yake!

Pazia la sebuleni limo sufuriani tangu tutoke kanisani, linachemka na majani ya chai na udongo mwekundu. Likikauka litakuwa na miaka mia mbili, pungufu kidogo. Sieni yuko kwa Falaniko, anamwagilia.

Rangi inakolea vizuri. Nimeongeza na mto wa kochi.