Waifai kwa Vidole vya Jirani

Jumatatu, 1 Juni

Masoud kapiga simu asubuhi. Mwanangu, tumbo langu mwenyewe, kasema bila hata kukohoa: likizo hii watoto wataila kwa bibi yao wa Mbezi Beach. Wiki nne! Nikauliza nimekosa nini. Ati kwa Bi Wahiba kuna faiba. Nikamwambia faiba hailiwi. Kasema Talha sasa ana miaka kumi na mitatu, na kwa Bibi Mtoni lazima apande kigoda dirishani jikoni ndipo simu ishike mtandao.

Ni kweli. Nimemwona kwa macho yangu, kasimama juu ya kigoda kama anaadhini.

Bi Wahiba ndiye mama wa mke wa Masoud. Mkwe wangu. Mwanamke mstaarabu, msafi, mcha Mungu. Simpendi.

Ulimi ukanitangulia. Nikasema we Masoud, intaneti yangu inafungwa wiki hii! Na televisheni ya chaneli mia! Na simu ya mezani! Kasema haya Mama, Jumamosi nikiikuta nawaacha. Nisipoikuta nawapeleka Mbezi.

Jumamosi! Sina hata waya!

Nimekaa. Nimesimama. Nimefagia uwanja mara mbili. Mwandiko huu ukitoka nje ya mstari asiniseme mtu. Shule sikuiona hata mlango. Herufi kanifundisha mjukuu wangu Duaa likizo ya Desemba, ana miaka minane na ufagio mkononi kama fimbo ya mwalimu. Hajanimalizia. Mwalimu wangu haendi Mbezi.

Jumanne, 2 Juni

Barabara ya Kilwa. Wakala anaitwa Farhan, baba mzima na kitambi chake, anakaa chini ya mwavuli. Kanipa shikamoo iliyonyooka, nikampenda. Kanieleza vifurushi. Kipo kidogo, cha kati, kikubwa. Spidi kumi, ishirini, hamsini. Nikamwuliza Bi Wahiba wa Mbezi Beach anacho kipi. Hamjui! Mfanyabiashara gani huyu? Nikasema basi nipe kile kinachompita. Kauliza kinachompita nani. Nikasema yeyote.

Spidi nikaikataa. Nina presha, sitaki kitu cha mbio ndani ya nyumba. Kasema Bibi, spidi ndiyo intaneti yenyewe. Basi hamsini, lakini aiambie itulie.

Chaneli nikachagua. Tamthilia za Kituruki zinazosema Kiswahili, mpira wa Talha, katuni za Duaa. Simu ya mezani kaniuliza ya nini, siku hizi watu hawaichukui. Ya kukaa mezani! Wageni waione.

Kila kitu tayari. Kitambulisho cha taifa ninacho. Kikabaki kidole. Nikabandika gumba kwenye kimashine. Nyekundu. Cha shahada. Nyekundu. Vyote kumi, kulia na kushoto. Nyekundu! Farhan kanigeuza viganja, kasikitika kama daktari. Ati Bibi, alama zimefutika.

Zitaachaje? Miaka arobaini nimekuna nazi na kugeuza vitumbua sokoni Mtoni. Alama zangu wamezila watu wa Temeke nzima. Waende wakazitafute matumboni mwao.

Kasema mtoto wako aje aandikishe kwa jina lake. Masoud? Niliyemwambia kila kitu kipo tayari? Thubutu! Kasema basi nivipumzishe vidole, nisishike maji, nipake mafuta, nirudi kesho.

Jumatano, 3 Juni

Mikono nimeipaka mafuta ya nazi, nikaivisha soksi za marehemu mume wangu. Vyombo havijaoshwa. Uwanja haujafagiwa. Sijui watu wanaokaa bure wanakaaje. Nimezunguka nyumba mpaka kuku wamechoka kunikimbia.

Jirani kachungulia juu ya ukuta. Demetria, wanamwita Mama Stanley, mjane wa Kichaga. Tumenuniana tangu Ramadhani kwa ajili ya jogoo wake. Jogoo hajui saa yule, aliniamsha daku kabla ya daku. Kauliza kwa sauti ya mtaa mzima: Bi Mwanakombo, unacheza ndondi? Nikamjibu nacheza, na ninayemtafuta ana manyoya.

Alasiri kwa Farhan. Soksi nikavua mbele ya watu. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Kidole cha mwisho cha kushoto kikawaka njano! Foleni nzima ikapiga makofi. Kisha nyekundu.

Farhan kasema dawa ni moja. Mtu mwingine yeyote mwenye kitambulisho aje na vidole vyake, ila huduma itakuwa kwa jina lake. Nikamwambia jina si kitu. Jina haliangalii tamthilia.

Lakini nani? Dada yangu wa Chanika ni mkuna nazi kama mie. Mama ntilie wa kona, vilevile. Nimeupita mtaa kichwani, mkono kwa mkono. Mwanamke mmoja tu Mtoni hii hajapata kukalia mbuzi ya nazi maishani mwake. Anapikia nazi ya pakiti.

Anafuga jogoo.

Alhamisi, 4 Juni

Kuomba sijui. Sikuzaliwa nako. Lakini ujirani una sheria yake: bakuli la jirani halirudi tupu. Nikapiga mahesabu usingizini. Nampelekea chakula. Atahangaika atafute cha kurudishia, atakosa, ataona haya. Hapo ndipo nitamwambia usijali mwanangu, nipe vidole tu.

Saa tatu nikapeleka pweza wa nazi. Kapokea kama kapokea barua ya mahakama. Saa nne bakuli limerudi, machalari mpaka juu, zile ndizi za nyama za Kichaga! Kaapa nyama kanunua bucha letu hilihili la kona. Nikaonja kidogo. Nikalifuta bakuli kwa kidole.

Sasa mwenye deni ni mie! Saa sita, vitumbua kumi na viwili. Saa saba, maparachichi sita kama vichwa vya watoto. Saa nane, kachori. Kabla sijakaa kitako, mtindi! Yule mwanamke ana ghala. Friji langu halifungi mlango, tumbo limejaa, na intaneti sina.

Saa kumi nikasema liwalo na liwe. Nikachukua bakuli lake tupu. Nikatia mikono yangu miwili ndani. Nikampelekea hivyohivyo, nikasukuma geti kwa kiuno.

Nikamwambia Mama Stanley, leo nimekuletea vidole hivi, mashine imevikataa. Nikamwaga yote. Masoud, Mbezi Beach, Jumamosi, na uongo wangu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliwahi kuwa nesi yule. Kavishika kimoja kimoja, kavigeuza kwenye mwanga kama anachambua mchele. Kisha kauliza: vinauma?

Hakuna aliyepata kuniuliza hivyo. Nikamwambia asinizoee.

Kavaa viatu. Njiani kanipa masharti. Jumapili aangalie ibada yake kwenye televisheni, na kwaya, mpaka mwisho. Na jogoo asisemwe tena. La kwanza nikakubali. La pili nikakohoa.

Gumba lake moja tu. Kijani! Papo hapo! Farhan kauliza anwani, nikamjibu mie haraka kabla bahati haijageuka: Mtoni, nyuma ya msikiti, ukuta wa bluu. Mafundi kesho.

Ijumaa, 5 Juni

Nawaandikia haya malaika wangu wawili wa mabegani, wawe mashahidi.

Nilitoka. Kosa langu ndilo hilo. Nilikwenda kununua kuku, maana fundi aliyeshiba hufunga vizuri. Nimerudi na kuku mkononi, nikaliona dishi. Zuri, jeupe, linang'aa juu ya bati.

Bati la Demetria!

Ukuta wa bluu ni mmoja. Nyumba ni mbili. Mafundi walisoma jina la mteja, wakauliza Demetria ni nani, yeye akainua mkono. Wakamwuliza nyumba yako ipi. Kawaonyesha nyumba yake. Ati angejibu nini, adanganye? Nimemkuta sebuleni, rimoti mapajani, simu yangu ya mezani iko mezani kwake na kitambaa cha kufuma juu.

Nikawaambia mafundi wang'oe sasa hivi. Walikuwa wananawa, wameshakula machalari. Mkubwa wao kasema kuhamisha ni wiki mbili, na ombi alete mteja mwenyewe kwa kidole chake. Wiki mbili! Masoud anakuja kesho! Nikapanda ngazi mwenyewe. Nilifika kidato cha tatu, Demetria kanishika kanga. Ati nikianguka yeye kastaafu, hafungi tena mifupa ya watu.

Hakukataa kunipa waifai lakini. Kaniandikia paswedi kwenye kiganja. Nikazunguka nyumba yangu na simu mbele kama natafuta maji. Sebuleni hakuna. Chumbani hakuna. Jikoni hakuna. Mwisho kabisa, iliposhikana na ukuta wake, vijistari viwili!

Stoo ya mkaa.

Mkaa nje. Kochi ndani. Limeingia nusu, limekwama mlangoni. Halirudi, haliendi. Basi, nusu inatosha.

Jumamosi, 6 Juni

Wamekuja! Duaa kanirukia shingoni. Talha kanipa shikamoo huku anaangalia simu, nikaipokea hivyohivyo.

Masoud kalitazama paa letu. Kalitazama paa la jirani. Kauliza dishi. Nikasema siku hizi yanafungwa mbali kidogo na watoto, kwa sababu ya mionzi. Kauliza kochi linatafuta nini mlangoni mwa stoo. Nikasema hapo ndipo spidi inapokaa. Kacheka mpaka kaegemea gari. Chozi likamtoka, mtu na ndevu zake! Lakini mabegi kayashusha. Mawili. Ndani. Bi Wahiba kwisha habari yake!

Ushindi umedumu saa moja.

Talha katoka stoo uso mweusi, ati picha inakwama. Kaenda kwa jirani kuangalia mara moja tu. Duaa kamfuata. Chakula cha mchana nimepakua sahani tatu, nimekula mie na inzi. Nikachungulia juu ya ukuta. Wamepandisha miguu kwenye kochi la Demetria na wanamwita Bibi! Bibi!

Nimewatoa Mbezi Beach kwa jasho langu ili wakae kwa Mchaga!

Nikajifunga kanga kiunoni. Nikaenda kuwachukua. Demetria kasema wachukue, ni wako. Kisha kasogea kidogo. Sikutaka kukaa. Ila kwenye televisheni mama mkwe alikuwa anaingia chumbani kwa mkaza mwana na kichupa mkononi. Nikakaa nione kichupa cha nini tu.

Nimerudi magharibi. Ni sumu.

Jumapili, 7 Juni

Kwaya. Saa mbili nzima. Ahadi ni ahadi. Duaa kashashika nyimbo mbili, anaziimba kisimani kwa sauti. Nimemwambia akiwa karibu na msikiti ang'ate ulimi.

Adhuhuri gari. Bi Wahiba mwenyewe! Baibui la hariri, sahani ya halua, manukato yametangulia mtaa mzima. Ati kapita tu. Kutoka Mbezi Beach mpaka Mtoni, kapita! Kwangu kakuta kuku na kochi mlangoni. Akaelekezwa kwa jirani, akatukuta wote tumejipanga.

Kauliza mkwe, ndiyo intaneti yako hii? Nikamwambia hili ni tawi.

Tukakaa watatu, mie katikati. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyanoa tangu Jumatatu. Lakini alipompakata Duaa, kamshikilia kama mtu aliyeokota kitu chake. Kisha kasema polepole, kama anaiambia televisheni: kule kwake faiba ipo, taa zinawaka siku nzima, jana kapika kuku mzima, kamaliza paja moja.

Nikamtazama vizuri. Mwanamke mzee kama mie.

Nikamwambia Wahiba, acha ujinga, lala hapa. Kasema hakubeba nguo. Nikamwambia kanga zimejaa sandukuni, na godoro ni pana, na akikoroma nitampiga teke. Kavua viatu. Demetria kaongeza ndizi kwenye sufuria bila kuulizwa. Talha kauliza kama bibi wote watalala Mtoni likizo nzima. Nikamwambia anyamaze aangalie mpira.

Jumatatu, 8 Juni

Sijapata usingizi. Si kwa ajili ya Wahiba, hakoromi hata kidogo, hata hilo kanizidi. Nimewaza: wajukuu ninao, mkwe ninaye, wote wanashinda kwa Demetria. Mwenye nyumba hii ni nani?

Asubuhi nikampa Wahiba kikombe cha chai. Vidole vyetu vikagusana. Laini! Laini kama ndizi mbivu, vina hina, na mistari yote ipo, hakuna hata mmoja uliopotea. Maisha yake yote kakuniwa nazi.

Nikamwambia vaa baibui. Kauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia kutembea.

Saa mbili tulikuwa chini ya mwavuli wa Farhan. Gumba la Wahiba, kijani mara ya kwanza! Farhan kanitazama, kauliza Bibi, una hakika? Nikamwambia mie si mjinga, kosa la juzi nimelijua. Lilikuwa anwani. Ukuta wa bluu ndio ulioniponza. Safari hii sitaji kwa mdomo. Achukue kitambulisho cha mteja, aandike anwani iliyomo, yote, asiruke hata herufi. Kaisoma kwa sauti mpaka ikafika Mbezi Beach, kasita. Nikamwambia hiyohiyo, andika, mteja mwenyewe analala kwangu.

Mafundi kesho saa nne. Watoto wako kwa Demetria, nimewaambia wafaidi leo, kesho tunahamia kwetu. Mie sitoki tena. Kuanzia alfajiri nitakaa hapa mlangoni kwangu niwasubiri.