Kilio cha Floribert na Kodi ya Karata

Kaka yangu Floribert alifariki asubuhi ileile Serikali ilipotangaza, kwa tarumbeta na bendera mbele ya soko la Siti, mtaa wetu Waafrika, kwamba kuanzia sasa karata si kosa tena bali ni mchango wa maendeleo. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, hazina ilikuwa tupu, na wakubwa walikuwa wamegundua kwamba watu waliokuwa wakichapwa fimbo kwa kucheza wangeweza kucheza vilevile huku wakilipa kodi. Mimi nilikuwa karani wa ofisi hiyo. Tangazo nililipiga chapa mwenyewe, na nashuhudia kwamba lilikuwa safi. Nilirudi nyumbani mbio kumsimulia Floribert, maana angecheka sana. Nikakuta viti vimeshatolewa nje.

Kwetu, kilio bila karata si kilio. Wanaume huketi uani wakicheza, usingizi usije ukawachukua, na mjane asibaki peke yake na huzuni yake. Siku ya pili mchana, baada ya maziko, mkubwa wangu wa ofisini, Mzungu Bwana Laurent, alifika na polisi.

"Hapa iko nyumba ya muchezo," alisema. "Ruhusa iko wapi?"

"Hapana, Bwana," nilijibu. "Hapa iko kilio."

"Kilio gani, bantu banacheka?"

Walikuwa wakichekeshwa na Mutale, Mubemba, na Wabemba ni watani wetu sisi Waluba, aliyevaa koti la marehemu na kutembea kama yeye, kifua mbele. Mtani hakasirikiwi msibani.

"Bwana Mukubwa," alisema Mutale, "huyu Muluba alikuwa bahili. Alisikia kodi inakuja, akaona afazali kufa!"

Hata mjane, shemeji yangu Albertine, alicheka, kisha akalia tena. Bwana Laurent hakucheka. Ama tulipe, alisema, ama watu waende kwao. Kodi yenyewe hatukuwa nayo. Albertine alinitazama.

Nilisimama wima kama ofisini. "Bwana, tukitoza hapa tutakuwa tunatoza machozi. Mapadri watauliza nani alitia sahihi."

Alifuta jasho. Kesho yake nilipiga chapa Nyongeza ya Kwanza ya tangazo lile: karata za kilio ni maombolezo, hazitozwi.

"Kilio kinadumu siku ngapi?" aliniuliza.

"Mpaka huzuni iishe, Bwana."

Aliona hiyo ni lugha nzuri ya kiserikali, akatia sahihi.

Hapo mji ukapatwa na huzuni kubwa. Kila aliyeshika karata alikuwa akimlilia Floribert. Watu wa reli walimlilia. Hata Kipushi, kwenye migodi, alililiwa na watu ambao hawakuwahi kumwona. Polisi akitokea, mchezaji mmoja alivua kofia na kupaza sauti, "Yee, Floribert, umetuacha!" kisha akainama: "Haya, gawa." Taarifa yangu rasmi ilieleza kwamba Siti hakuna mchezo, kuna majonzi tu, na utaratibu ni mzuri. Mimi sikujua kucheza. Lakini nikitoka kazini nilipitia mezani kwao taratibu, nikisikia jina la kaka yangu likiitwa na wageni, na sikuona sababu ya kuwakosoa.

Nyongeza haikuwataja Wazungu, kwa kuwa Wazungu hawachezi vilioni. Hivyo mlipa kodi pekee aliyebaki ni klabu yao ya mjini, na mchezaji mkubwa wa klabu hiyo alikuwa Bwana Laurent. Alijitoza mwenyewe kwa uaminifu, akizidi kukonda.

Jumamosi moja alasiri alikuja kwetu bila polisi. Albertine alidhani amekuja kufunga meza, akasimama mlangoni. Bwana Laurent alivua kofia yake.

"Mama, pole sana kwa Floribert. Alikuwa mutu muzuri."

"Ulimujua?"

"Hapana. Lakini niko nasikia huzuni."

Albertine alimpisha. Mutale akamvutia kiti. "Keti, Bwana, ulie na wenzako."

Siku hizi huja kila Jumamosi. Albertine haruhusu apewe karata kabla hajatoa pole, naye huitoa, akiwa amesimama.