Mjane wa Kamuli na Karata za Mshauri wa Nafsi

Mwezi Julai 1987, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye majamvi kila ua, daktari wa nafsi kutoka Ulaya aliondoka Kayanga na kusahau karata zake juu ya meza ya mkalimani. Mkalimani huyo aliitwa Melkiory, mtu wa Bukoba, mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi na sauti ya kisomi kuliko vyeti vyake. Aliliona gari likiishia kwenye vumbi. Hakulikimbilia.

Zilikuwa karata za taroti, kubwa kuliko za kuchezea, kila moja na picha yake. Daktari hakuzitumia kupiga ramli, na hilo alilisema kila asubuhi. Alimwekea mgonjwa picha moja, akamuuliza anaona nini, akanyamaza. Mgonjwa aliieleza picha mpaka akajikuta anajieleza mwenyewe. "Karata haijui kitu," daktari alifundisha. "Mtu ndiye anayejua, ila hajajisikia akisema." Melkiory aliyatafsiri maneno hayo kwa Kinyambo tangu mvua za masika, akayaelewa kwa namna yake: watu huiambia picha mambo wasiyomwambia padri.

Kabla kahawa haijakauka alikuwa amepanga chumba Bugene, nyuma ya duka la chumvi na sabuni, na kutundika kibao: MSHAURI WA NAFSI. Kazi haikuwa ngumu. Mteja alitazama, akasema, Melkiory akaitikia "Mmh," kisha akamrudishia maneno yake mwenyewe kwa sauti ya chini, kama habari mpya. Wateja walitoka wakishangaa alivyojua. Walimwachia kuku na mikungu ya ndizi. Kama utapeli, huo ulikuwa wa daraja la chini, na Melkiory aliliona hilo kuwa aibu ya kitaaluma.

Mteja wa daraja la juu alikuja mwezi Agosti akiwa juu ya pikipiki nyekundu. Alikuwa Athanasi, mnunuzi wa kahawa wa Kamuli.

"Mimi siumwi nafsi," alisema kabla ya kuketi. "Anayeumwa ni jirani yangu, Kantengwa. Mjane. Kibanja chake, migomba na mibuni yote, kimepakana na changu. Shemeji yake yuko Mwanza, yuko tayari kuniuzia, ila ukoo hauwezi kuuza mjane akiwa bado ndani."

"Kwa hiyo unataka nafsi yake ipate nafuu."

"Nataka ipate nafuu mbali na Kamuli."

"Tiba ya mbali ni ghali, bwana mkubwa." Melkiory aliitazama pikipiki kupitia mlangoni. Tangu aondoke daktari na gari lake, alikuwa akitembea kwa miguu kama mtu asiye na elimu.

"Siku atakayohama, ni yako."

"Nafsi haitibiwi kwa ahadi. Hata wewe nina wasiwasi nawe. Hebu tazama hapa." Aliweka karata ya mzee mwenye joho, aliyeshika taa gizani. "Unaona nini?"

"Mzee mwenye taa."

Melkiory alinyamaza.

"Anaangalia kama kuna mtu," Athanasi aliongeza.

"Mmh."

"Lazima aangalie. Huwezi kung'oa mlamula mchana, kila apitaye atauliza kwa nini mpaka wa kibanja unatembea." Aliisukuma karata kando. "Nasema habari za huyu mzee."

"Za nani tena?" alisema Melkiory.

Mlamula ndio mmea unaopandwa mipakani mwa vibanja, na kuung'oa ni kosa ambalo huko hata mlevi hulisema kwa kunong'ona. Athanasi alitoa jasho, kisha akatoa ufunguo wa pikipiki. Alirudi Kamuli kwa lori la kahawa.

Wiki hiyo hiyo Melkiory alipiga honi nyumbani kwa Kantengwa. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Rwanda, aliyeolewa Kamuli na kumzika mume hapo hapo, kati ya migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Alimletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akatafuna naye. Hakumuuliza lililomleta.

Melkiory alijieleza, akaweka karata ya mnara unaopigwa na radi, watu wakianguka. "Unaona nini, mama?"

"Nyumba ya nyasi imeungua. Wanashuka mbio kutafuta bati."

Akaweka mifupa ya mtu juu ya farasi, watu wakipiga magoti mbele yake. Hiyo ilikuwa imemliza mwalimu mkuu mmoja.

"Maskini, amekonda," alisema Kantengwa. "Hao wenzake hawana ndizi?"

Melkiory alikohoa. Alitoa iliyofuata bila kuchagua: mzee mwenye taa. Kantengwa aliitazama, akachukua punje nyingine ya kahawa, akanyamaza. Melkiory naye alinyamaza, maana huo ndio ulikuwa ujuzi wake. Walinyamaza mpaka kuku wakaingia ndani wakidhani hakuna mtu.

"Mimi macho yamechoka," mama alisema hatimaye. "Wewe unaona nini, mwanangu?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Mzee anang'oa mlamula usiku," alijisikia akisema.

"Mmh," alisema Kantengwa.

"Anauhamishia ndani ya kibanja chako. Nadhani hadi kwenye mibuni."

"Mmh."

"Ameniambia Athanasi mwenyewe."

Maneno yalikuwa yameshatoka, kwa hiyo Melkiory aliona ni busara kuyauza. Kwa ushahidi mbele ya majirani alitaka ukanda wote wa ardhi ulioibwa, pamoja na mibuni yake. Pikipiki angebaki nayo.

"Ukanda huo?" Kantengwa aliuliza. "Njoo Jumapili baada ya misa, useme. Mimi sitakuwa na neno."

Jumapili majirani walikusanyika uani, na balozi wa nyumba kumi, mzee Anastazi, akaongoza kikao. Melkiory alitoa ushahidi kwa ufasaha mkubwa. Athanasi alimwita mwongo na mwizi wa pikipiki. Balozi hakubishana na yeyote, aliagiza majembe. Ukingoni mwa ukanda, upande wa Athanasi, vijana walifukua visiki vya mlamula wa zamani, vimepangana mstari mmoja, baadhi vikichipua. Mlamula ulirudishwa mahali pake mchana, watu wote wakitazama. Athanasi aliichukua pikipiki yake bila kuaga mtu.

Melkiory hakumzuia. Alimgeukia Kantengwa.

"Sasa, mama, ule ukanda wangu."

"Wako kivipi?"

"Ulisema hutakuwa na neno!"

"Na sina neno. Mwenye neno ni ukoo wa marehemu. Mimi ni mjane, mwanangu, siwezi kukugawia hata jani la mgomba. Kwenu Bukoba si hivyo hivyo?"

"Ni hivyo hivyo," alijibu balozi kwa niaba yake.

Watu walicheka kwa adabu. Kantengwa alimwonea huruma, akamletea kahawa, akazichukua karata kutoka mkononi mwake. Alitoa moja, akaiweka juu ya jamvi: kijana mwenye kifurushi begani, ukingoni mwa genge, uso juu.

"Unaona nini?"

Melkiory aliitazama, kisha akaangalia vumbi la pikipiki barabarani.

"Huyu," alisema, "anatembea kwa miguu."