Goti Linaloumia Tumboni

Jumatatu, 3 Machi
Bima yangu ya mwanafunzi imekufa rasmi. Ilikoma nilipohitimu. Ile ya serikali itaanza nikipata ukaazi wa kudumu, na maombi yetu, mimi na mke wangu, yako mezani kwa mtu asiye na haraka. Hapo katikati sina kitu. Kuna bima ya muda ya kuziba pengo, na mke wangu anaamini nimeikata. Hela ya bima hiyo nilimnunulia yeye viatu vya kazini. Anahudumia wazee, anasimama kutwa, alikuwa akirudi nyumbani anachechemea. Sasa anatembea vizuri. Sijutii. Isitoshe nimesomea takwimu mimi; mtu wa umri wangu haumwi ovyo. Mkakati ni mmoja: kutoumwa.

Jumanne, 4 Machi
Mkakati unakwenda vizuri. Baiskeli nimeifungia stoo. Kisu cha jikoni sikigusi. Jirani wa chini, yule niliyehitimu naye, kaniomba nimsaidie kupandisha kabati. Nikasingizia mgongo. Akanishauri niende hospitali. Yeye kaenda mara mbili wiki hii kwa mafua tu, maana bima yake ya muda inamruhusu. Akakohoa kwa madaha. Simpendi yule bwana.
Jioni tumbo limeanza kuvuta upande wa kulia. Gesi tu.

Jumatano, 5 Machi
Si gesi. Mke wangu kauliza mbona sili. Nikamwambia napunguza kitambi. Akaniangalia tumbo. Kitambi chenyewe sina. Akanitengenezea supu, akakaa kunitazama hadi nikaimaliza. Namwonea huruma. Ana mengi ya kumchosha, mimi nisiwe la ziada. Tena jirani anasema bili ya hospitali isiyolipwa inaweza kuharibu maombi. Turudishwe kwetu sote wawili kwa ajili ya tumbo langu? Haiwezekani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Chuo changu cha zamani kinatafuta watu wa kuigiza wagonjwa, ili wanafunzi wa udaktari wawapime kwenye mtihani. Nitapimwa bure, na mwalimu bingwa yuko pembeni anasahihisha. Akili kama hizi hawapewi wote. Nimejiandikisha huku nimejikunja.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepangiwa goti. Nimepewa maelezo: nilianguka kwenye ngazi, goti la kushoto linauma, basi. Nikamwomba mzee aliyepangiwa tumbo tubadilishane. Kakataa. Kasema amelifanyia mazoezi wiki nzima.
Mwanafunzi wa kwanza akashika goti. Nikamweleza kwamba goti hili, daktari wangu, huwa linaumia tumboni. Mwalimu akanivuta pembeni, akaniomba nisiwachanganye watoto wa watu. Wa pili nikamwelekeza mkono mwenyewe. Akashauri nipimwe akili. Wa tatu, binti mpole mwenye mikono ya baridi, akabonyeza mahali penyewe. Nikapiga ukelele. Mwalimu akakiri nina kipaji, ila nirudi kwenye goti. Yule binti akamwambia kwa adabu kwamba mtu huyu haigizi, ametota jasho.
Wakanikimbiza hospitali kwenye kiti cha magurudumu. Njia nzima namsihi muuguzi asimpigie mke wangu. Akampigia.

Jumapili, 9 Machi
Nimetolewa kidole tumbo. Daktari kasema ningechelewa kidogo tu kingepasuka.
Nilipofumbua macho mke wangu alikuwa pembeni, bado na sare ya kazi. Nikaanza kumweleza habari za viatu. Akasema anajua. Wiki kadhaa zilizopita aliwapigia simu watu wa bima ya muda kurekebisha jina langu, wakamwambia hawanifahamu. Wiki ileile akaniingiza kwenye bima ya kazini kwake, akakaa kimya akisubiri nimwambie mwenyewe. Hospitali imeshalipwa. Maombi yetu yako salama.
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema alipopigiwa simu alikaa sakafuni mbele ya wazee anaowahudumia. Kisha akaficha uso kwenye shuka langu, akalia. Nami nikalia, taratibu, maana kulia kunavuta nyuzi. Nampenda mwanamke huyu hadi naona aibu. Nimeapa mbele yake kwamba sitamficha kitu tena, hata chafya.

Alhamisi, 13 Machi
Niko nyumbani. Mke wangu leo alirudi kazini. Alitaka kubaki kunitunza, nikamkatalia. Karudi mchana amechoka hoi, akaketi nami kwenye kochi, akalala papo hapo, kichwa begani kwangu. Ndiyo kwanza apate usingizi wa kueleweka tangu nilazwe.
Mshono una unyevu kidogo. Mwili nao una joto. Daktari alisema nikiona hivyo niende mara moja, na bima sasa ninayo. Lakini nitamwamshaje? Akiamka atauliza tu, kama kawaida yake. Nitamwambia pamekauka kabisa. Nimeshavaa fulana nyeusi.